Kutoka honi hadi tuba: nimeshushwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimepiga honi ya E-fleti, ala ya shaba ya sauti ya kati, kwa miaka minne katika bendi ya matarumbeta. Sasa kiongozi wetu anataka nihamie tuba ya E-fleti, lile bomba kubwa la sauti nzito. Tayari tuna tuba mbili za B-fleti, zenye sauti ya chini zaidi, zinazotikisa sakafu. Mimi nikaongeze nini kule nyuma? Naona kama nimeshushwa.
Mpiga honi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujashushwa hata kidogo. Kiti hicho nimekikalia sehemu kubwa ya maisha yangu.

Siku ya mazoezi, simama mbele ya bendi, waombe wenye B-fleti wapige mstari wao peke yao. Uzito utausikia, lakini penye noti za mbiombio hutajua ipi imeishia wapi na ipi imeanza. Bomba la B-fleti lina urefu wa karibu mita 5 na nusu; la E-fleti ni kama mita 4, ndiyo maana huitika upesi. Kisha E-fleti iingie, oktavu moja juu yao, yaani noti zilezile kwa sauti ya juu zaidi. Mstari uleule unapata sura! Bendi za mtindo wa Uingereza huweka E-fleti mbili na B-fleti mbili kwa sababu hiyo. Na kuna kurasa utaachana kabisa na B-fleti, uungane na yufoniamu, ile ala iliyo kama tuba ndogo, au ukabidhiwe wimbo wenyewe. Kurasa hizo nazipenda mno.

Vidole visikusumbue. Noti utazisoma vilevile kama za honi, kwa vali (vitufe vya kubonyeza) zilezile, ila sauti hutoka oktavu moja chini. Ukikuta vali ya nne, itumie badala ya kubonyeza ya kwanza na ya tatu pamoja, maana hizo mbili hufanya noti itoke juu kidogo kuliko inavyotakiwa.

Kazi kubwa ni pumzi. Nilipoanza, mimi na jirani yangu tulikuwa tukivuta hewa kwa pamoja kila mwisho wa mstari, na kila mara bendi nzima ilibaki haina sakafu ya kukanyaga. Iliniuma sana nilipogundua. Kwa hiyo kaa na mwenzako wa E-fleti kabla ya zoezi la kwanza, mgawane: wewe uvute katikati ya noti ndefu, yeye ashikilie, kisha mbadilishane. Wekeni alama kwa penseli, kila mmoja kwenye karatasi yake.