Ethanoli 63%, jumla 121%: niongeze fedha au nipunguze?

SWALI: Habari mtaalamu. Niko kwenye utafiti wa uzamili, natengeneza chembe nano za shaba na fedha kwa ajili ya kugeuza kaboni dioksidi kwa umeme. Uwiano wangu ni shaba 9 kwa fedha 1. Wino (chembe hizo zikiwa kwenye kimiminika cha kupaka elektrodi) nimeuchanganya na ethanoli na Nafion (gundi ya plastiki inayopitisha ioni), nikadondosha maikrolita 50 kwenye karatasi ya kaboni, nikaendesha saa moja kwenye KHCO3 (bikaboneti ya potasiamu) ya 0.1 M kwa −1.0 V dhidi ya RHE (elektrodi rejea ya haidrojeni), mkondo kama miliampea 2. NMR (kipimo cha bidhaa za kimiminika) inanipa ethanoli 63% ya elektroni zilizotumika, na gesi zote kwenye GC (kipimo cha gesi) zinafika 58%. Nimesoma kwamba metali mbili zikiungana zinasaidiana. Je, nipandishe fedha mpaka 8:2 ili ethanoli izidi 70%? Na hiyo jumla ya 121% ni makosa ya kawaida ya vipimo?

JIBU: Salama. Achana na uwiano kwanza, tutaurudia. Maswali ya namna hii napata mengi mno, kila mtu anauliza nichanganye ngapi kwa ngapi, nipate asilimia ngapi, na karibu hakuna anayeuliza kitu kinachotangulia vyote hivyo, yaani kaboni iliyoko kwenye hiyo ethanoli imetoka wapi. We umeandika mwenyewe kwamba wino wako una ethanoli, halafu unashangaa umekuta ethanoli!

Hebu tupige hesabu pamoja maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Miliampea 2 kwa saa moja ni kulomu 7.2. Gawanya kwa 96,485, yaani kulomu za moli moja ya elektroni, unapata maikromoli kama 75 za elektroni. Ethanoli moja inakula elektroni 12, kwa hiyo hata ufanisi wa Faraday (sehemu ya elektroni iliyoishia kwenye bidhaa unayoitaka) ungekuwa 100% usingeweza kupata zaidi ya maikromoli 6.2. Hiyo 63% yako ni maikromoli 3.9, ambazo ukizigeuza kuwa ujazo ni kama maikrolita 0.23 za ethanoli. Sasa we ulidondosha maikrolita 50 za wino. Yaani ikibaki chini ya nusu ya asilimia moja ya ethanoli ya ule wino, imejificha kwenye vitundu vya karatasi ya kaboni au imenaswa kwenye Nafion, tayari una "matokeo" yako yote na kichocheo hakijafanya kazi yoyote. Na usiniambie ulikausha, kila mtu anakausha. Swali ni ulikausha kwa joto gani, kwa muda gani, na ulipima kilichobaki? Tena Nafion yenyewe kwenye chupa inakuja ikiwa imeyeyushwa kwenye alkoholi na maji, kwa hiyo hata ukibadilisha kiyeyushi cha wino bado hujasalimika.

Kuhusu 121%: hapana, sio makosa ya kawaida. Ukikosea asilimia tatu nne hivi sawa, kipimo cha mtiririko wa gesi kinaweza kukudanganya kiasi hicho. Lakini elektroni hazizaliani, kama gesi zimeshachukua 58 basi kwa ethanoli imebaki 42 ikizidi sana, na bado hujahesabu fomati (chumvi ya asidi ya fomiki) ambayo shaba huwa inatoa. Na akitokea wa kukwambia ugawanye kila namba kwa jumla ili ifike 100 anakufundisha kuficha tatizo.

Fanya hivi, na ufanye kabla hujagusa uwiano. Chukua elektrodi mpya iliyopakwa vilevile, itumbukize kwenye elektrolaiti saa nzima bila kuwasha umeme, halafu upime NMR. Ni jaribio la bei rahisi kuliko yote na ndilo linalorukwa kuliko yote. Baada ya hapo endesha kwa agoni badala ya CO2, kwa potensheli ileile, ila jua kwamba bikaboneti isiyo na CO2 juu yake pH inapanda kutoka kama 6.8 kwenda 8 na kitu, na bikaboneti yenyewe inaweza kuachia CO2 kidogo, kwa hiyo jaribio la agoni peke yake sio hukumu. Halafu toa sampuli kila baada ya dakika 20. Bidhaa ya kweli inaongezeka kadiri chaji inavyoongezeka, lakini ukikuta dakika ya 20 ina ethanoli sawa na dakika ya 60, hiyo ni ya wino.

Jaribio linalomaliza ubishi ni la isotopu, 13CO2, yaani CO2 yenye kaboni 13 ambayo ni nzito kidogo kuliko ile ya kawaida, kaboni 12. Kwenye NMR ya protoni, ethanoli ya kaboni 12 ina kile kilele chake chenye meno matatu karibu na 1.1 hadi 1.2 ppm. Ikiwa imetoka kweli kwenye 13CO2, kile kilele kinapasuka pande mbili, umbali wa hezi kama 125, na cha katikati kinapotea. Cha katikati kikibaki pale pale kimesimama, basi ethanoli yako haijawahi kuwa CO2. Na hapa kuna mtego: watu wanaweka gesi ya 13CO2 juu ya KHCO3 ya kawaida, kumbe bikaboneti na CO2 iliyoyeyuka zinabadilishana kaboni muda wote, wanapata mchanganyiko wanashindwa kuusoma. Tumia bikaboneti ya kaboni 13 pia, au anza na KOH uipitishie 13CO2 mpaka igeuke bikaboneti. Ni ghali, ndiyo, lakini kuna makala ngapi zimefutwa au kupuuzwa kwa sababu ya kukwepa gharama hiyo.

Na sio wino tu. Kama chembe zako ulizikuza kwenye oleylamine au PVP, zile kemikali za kuzuia chembe zisigandane, hizo ni kaboni pia na zinaweza kumomonyoka ukiwasha umeme. Asetoni uliyooshea vyombo inaonekana kwenye NMR. Na kama anodi yako ni platinamu na hakuna utando katikati, platinamu inayeyuka kidogo kidogo inaenda kukaa kwenye kathodi, haidrojeni inapanda, we unasema kichocheo kimechoka. Hata elektrodi rejea ya Ag/AgCl ikivuja inaleta fedha na kloridi, kwa mtu anayechunguza shaba na fedha hilo ni balaa.

Haya, uwiano. Hapa nina ugomvi na huu wimbo wa "metali mbili zinasaidiana", kana kwamba ukichanganya tu chumvi mbili kwenye chupa umeshapata ushirikiano. Kwanza shaba na fedha kwenye joto la kawaida hazitaki kuchanganyika. Angalia XRD yako (kipimo cha eksirei kinachoonyesha atomi zimejipangaje): ukiona kilele cha shaba kwenye digrii 43.3 na cha fedha kwenye 38.1, kila kimoja kimekaa kwake, basi huna aloi, una shaba na una fedha. Sio vibaya, huenda fedha inatengeneza CO na shaba iliyo jirani inaichukua na kuiunganisha kuwa bidhaa ya kaboni mbili, hiyo ni kazi halali kabisa. Ila usiiite aloi, na usinitumie picha ya EDS (ramani ya elementi kwenye hadubini) yenye rangi mbili zilizolaliana ukasema ni ushahidi, kwa ukubwa ule hata chembe mbili zilizosimama bega kwa bega zinaonekana kitu kimoja.

Pili, 9:1 ni uwiano wa kwenye chupa. Mmenyuko unaona uso tu. Fedha inapenda kukaa juu, shaba inaoksidika ukiitoa hewani kwa dakika chache, na ukiwasha umeme atomi zinahama, chembe zinavimba, nyingine zinayeyuka na kujijenga upya. Kwa hiyo uso uliopima kabla sio uso uliofanya kazi. Mfano mzuri ni shaba na paladiamu: mwaka 2017 kuna watafiti walilinganisha mchanganyiko wa hizo metali mbili kwa mipangilio tofauti, zile atomi zilizopangwa kwa zamu zilitoa zaidi bidhaa za kaboni moja, na zile metali zilizotengana kila moja upande wake zikatoa zaidi bidhaa za kaboni mbili. Kilichoamua pale ni nani amekaa jirani na nani. Shaba na bati nayo, bati kidogo juu ya uso inakupeleka kwenye CO, ukiizidisha inakupeleka kwenye fomati. Sasa we kabla hujaenda 8:2, pima XPS (elementi zilizoko usoni) na ICP (kiasi cha kila metali kwa jumla) ya elektrodi ILIYOTUMIKA, na uwe na shaba peke yake na fedha peke yake kwa kiasi kilekile, mkondo ukiwa umegawanywa kwa eneo halisi la uso. Bila hizo mbili za kulinganisha, neno "kusaidiana" halina maana yoyote.

Nasema kwa ukali kwa sababu mchezo huu hauishii maabara. Yoshio Hori alionyesha mwaka 1985 kwamba shaba inaweza kutoa methani kutoka CO2, tangu hapo imekuwa miaka 40 ya kazi ngumu, halafu anatokea mtu na video ya kichocheo chake cha siri kinachogeuza moshi kuwa mafuta kwa umeme kiduchu na anatafuta wawekezaji. Umeme kiduchu wa wapi? Kutengeneza ethanoli kutoka CO2 na maji kunahitaji angalau volti 1.14, hiyo ni sheria ya nishati na hakuna kichocheo kinachoishusha, kichocheo kinapunguza tu ile ziada. Seli halisi inakula volti kama 3. Kwa volti 3 na ufanisi wa Faraday 60%, nishati inayobaki ndani ya ethanoli ni kama 23% ya umeme uliolipia, na hapo hujatoa gharama ya kuitenganisha na maji.

Mtu akikuletea kitu cha namna hiyo muulize volti ya seli nzima, sio ya elektrodi moja dhidi ya RHE. Muulize mkondo kwa kila sentimita mraba, maana ndani ya maji CO2 inayeyuka kama 0.034 M tu na ile seli ya vyumba viwili inaishia makumi machache ya miliampea, ukitaka mamia lazima elektrodi ya gesi, ile inayopokea CO2 moja kwa moja ikiwa gesi. Muulize imekaa masaa mangapi. Na muulize CO2 iliyoingia imeishia wapi, kwa sababu kwenye elektrolaiti ya alkali, na hata ile ya kawaida ukisukuma mkondo mkubwa, sehemu kubwa ya gesi inageuka kaboneti inaziba vitundu vya elektrodi, na hiyo namba huwa haipo kwenye video.