Mkuu, hao gourami wawili usiwalipie

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba uko Moshi, una tangi la lita 60, umepata samaki wa mapambo wawili aina ya gourami, mmoja wa bluu na mmoja wa dhahabu, unataka kuwachanganya na betta, samaki mwingine wa mapambo, halafu unauliza filta gani inafaa na uwalishe mara ngapi kwa siku. Filta achana nayo kwanza.

Mimi nilinunua hao hao, hapa Arusha, lita 60 hizo hizo. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hawa rangi tofauti, hawapigani." Na mimi msomi mzima nikatikisa kichwa! Kumbe bluu na dhahabu ni samaki yule yule, Trichopodus trichopterus wa Asia ya Kusini Mashariki. Ile dhahabu ni rangi ya wafugaji tu. Ni sawa na mtu akuambie majogoo wawili hawatapigana kwa sababu mmoja mweupe mwingine mwekundu.

Wiki tatu amani tupu. Nikapiga picha, nikamrushia shemeji. Kumbe walikuwa bado watoto, urefu wa kidole gumba, wakati huyu samaki anafika sentimita 15. Dume akikomaa anapuliza mapovu juu ya maji, anajenga kiota cha mayai, na kuanzia hapo sehemu yote ya juu ni kiwanja chake chenye hati. Wa bluu akaanza kujibanza nyuma ya hita. Nikasema ni baridi, maana ilikuwa Julai na Arusha ya Julai mnaijua. Nikapandisha joto, nikaenda kulala. Aisee.

Sasa nisikilize. Gourami hapumui kwa matamvua peke yake. Ana kiungo kingine kichwani cha kuvutia hewa, kwa hiyo kila baada ya muda lazima apande juu avute. Wa bluu kila akipanda, mwenzake anamshukia. Mimi nilikuwa nahesabu magamba yaliyotoka, kumbe kikubwa alichokuwa ananyimwa ni pumzi. Asubuhi ya nne nikamkuta chini, mapezi yamechanika kama gazeti la kufungia maandazi. Samaki amekosa hewa, ndani ya maji, kwenye tangi langu. Mke wangu mpaka leo ananiuliza nikifuga bata kama nao watazama.

Nikarudi dukani. Yule bwana badala ya kuona aibu akasema labda nilikuwa simlishi vizuri, kisha akaniuzia betta dume: "Huyu jamii nyingine kabisa." Nikanunua! (Cheka tu, nimeshazoea.) Betta naye anavuta hewa juu, anajenga mapovu juu, na yale mapezi marefu kwa gourami ni uchokozi mtupu. Siku mbili hazikuisha. Mafahali wawili hawakai zizi moja, tumeimbishwa tangu darasa la tatu, mimi nikaenda kuwalipia zizi.

Dume mmoja, tangi moja. Na betta mhesabu humo humo kama dume.

Angalia pezi la mgongoni: la dume ni refu limechongoka, la jike ni fupi limeviringa. Wakiwa wadogo hata muuzaji hajui, na akijifanya anajua muulize amejuaje. Usidhani jike atakuwa salama pia, kwenye lita 60 dume anamkimbiza mpaka basi. Kwa tangi lako ningechukua wale gourami wadogo wa asali, sentimita 5 hivi, wana adabu. Gourami lulu naye mpole ila anahitaji nafasi zaidi.

Wangu wa dhahabu bado yupo, nimemhamishia lita 120 na corydoras sita, samaki wadogo ambao wanashinda chini, hawana habari naye. Nikiingiza mkono kubadilisha maji anakuja kuugonga.

Filta chukua ya sponji, isiyovuruga maji juu. Uliuliza na nini tena? Chakula? Wengine watakujibu.