Vita Baridi: itikadi au mabavu tu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Kidato cha Sita. Kitabu chetu kinasema Vita Baridi vilitokana na mgongano wa ukomunisti na ubepari. Mwenzangu anabisha kwamba itikadi ilikuwa kisingizio, mafahali wawili hawakai zizi moja. Na kama chanzo ni itikadi, mbona China na Urusi ziligombana?

JIBU: Marahaba. Mwenzako ana hoja, ila mwaka 1945 zizini mlikuwa na fahali wa tatu, Uingereza. Februari 1947 London iliiarifu Washington kuwa haina tena uwezo wa kuzisaidia Ugiriki na Uturuki. Tarehe 12 Machi Rais Truman akaliomba Bunge dola milioni 400 ili Marekani ishike zamu hiyo. Taifa moja kubwa likampisha mwenzake, na hakuna aliyenuna. Mabavu peke yake hayaelezi hilo.

Sasa tazama Mpango wa Marshall, msaada wa fedha za Marekani wa kuijenga upya Ulaya baada ya vita, mwaka uleule. Wamarekani waliamini kuwa umaskini na kufungiana biashara katika miaka ya 1930 ndivyo vilivyomlea Hitler. Kwa hiyo kumwaga fedha na kufungua masoko kwao kulikuwa kuzima moto. Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti, alifika Paris kusikiliza, akasusa na kuondoka Julai 2. Chekoslovakia, iliyokwisha kukubali mwaliko, ikaitwa Moscow na kulazimishwa kujitoa. Aliyesoma Lenin aliona hapo mabepari wakitafuta pa kupeleka mitaji yao, tena kwenye mlango ambao Wajerumani walipitia 1941 kuivamia Urusi. Fedha ni zilezile, ila kila upande ulizisoma kwa elimu yake.

Na elimu hizo hazikutoka hewani. Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27 katika Vita vya Pili vya Dunia. Marekani, iliyokingwa na bahari mbili, ilipoteza kama laki nne, na viwanda vyake vikatoka vitani vikiwa vizima. Februari 1946 George Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani ubalozini Moscow, aliandika kwao kwamba hofu ya watawala wa Urusi ni ya kale kuliko Marx: hofu ya wakulima walioishi kwenye tambarare wazi, jirani na wafugaji wahamaji wakali. Umarx, kwa maoni yake, uliivika tu hofu hiyo heshima. Septemba, balozi wa Kisovieti mjini Washington, Nikolai Novikov, naye akaandika kwao kwamba Marekani inataka kuitawala dunia. Zisome barua hizo mbili pamoja ukizipata. Binafsi naona Kennan aliipunja itikadi: hofu ya kale inaeleza kwa nini Stalin, kiongozi wa Kisovieti, alitaka Poland, haielezi kwa nini alikataa fedha za Marshall.

Kuhusu China, usidhani imani moja huleta amani. Khrushchev, aliyeshika uongozi wa Kisovieti baada ya Stalin, alipomshutumu mtangulizi wake mwaka 1956, Mao, kiongozi wa China, hakupendezwa, na ugomvi ukawa ni nani anayemfasiri Marx kwa usahihi. Katika ugomvi wa namna hiyo msaliti wa ndani huchukiwa kuliko kafiri wa nje. Mwaka 1960 Moscow iliwaondoa wataalamu wake China. Mwaka 1969 askari wa nchi hizo wakauana kwenye mto Ussuri. Februari 1972 Mao akampokea Rais Nixon wa Marekani Beijing, huku Marekani ikiwa bado vitani na wakomunisti wa Vietnam. Hapo hesabu ya nguvu ilishinda, maana majeshi ya Kisovieti yalikuwa yamejipanga mpakani kwake.