Siku ya Kwanza kwa Mshauri Nasaha: Majibu kwa Mliouliza

Nilipoandika kuhusu msongo wa mawazo kwa watu waliohamia Dodoma kikazi, nilitegemea kuulizwa juu ya dalili. Wengi mmeuliza mambo mengine kabisa: nikifika nitamkuta nani, ataniuliza nini, na nani atajua kwamba nilikwenda. Kwa kuwa kazi yangu ni ushauri nasaha hapahapa mjini, haya naweza kuyajibu. Naanza na ujumbe usio na jina, kwa sababu hauwezi kusubiri.

Nimechoka na maisha. Nawaza kujiua. Nikimwambia mshauri, si atanikamatisha?

Kuwaza si kosa kisheria, ndugu yangu. Mshauri ukimwambia atakuuliza maswali ya wazi: unawaza mara ngapi, umepanga chochote, nani yuko karibu nawe. Anauliza ili ajue akulinde vipi. Usisubiri miadi. Leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini akae na wewe, na kile ulichowaza kukitumia akipeleke mbali na hapo ulipo. Kisha nendeni idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, hata kama ni saa nane usiku. Pale mapokezi sema hivihivi ulivyoniandikia: "Nawaza kujiua." Maneno hayo yanatosha, huhitaji kueleza sababu mbele ya foleni.

Shikamoo mama. Nipo UDOM mwaka wa pili. Silali vizuri, najitenga, darasani naenda kwa kujilazimisha. Nikienda kwa mshauri si ndiyo naandikwa mgonjwa wa Mirembe?

Marahaba mwanangu. Hofu yako haikutoka hewani. Hapa kwetu mtoto anatishiwa Mirembe kabla hajajua hata ni mahali gani. Hospitali ile ipo tangu 1927 na leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Wapo wanaolazwa, na wapo wanaokuja kliniki asubuhi, wanaonana na mtaalamu na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Wanaoletwa kwa amri ya mahakama wana sehemu yao, Isanga. Kulazwa mtu bila ridhaa yake kuna masharti yaliyoandikwa katika Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Hakufanyiki kwa sababu umesema hulali.

Wewe anza na ofisi ya ushauri nasaha ya hapo chuoni. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo una haki ya kuuliza tangu mwanzo: faili langu linakaa wapi, na nani analifungua? Mshauri mzuri hachukii swali hilo. Na ukihitaji barua ya kuomba ruhusa idarani, mwombe aandike kile tu kinachohitajika.

Nauza mboga Sabasaba, nakaa Nkuhungu. Mtoto wangu kanishauri niende, lakini mimi kujieleza siwezi. Nitaulizwa nini?

Mama, kujieleza ni kazi mtakayoifanya wawili. Ukiingia, mshauri atajitambulisha na kukueleza kuhusu usiri. Atakuuliza umri, unaishi na nani, kazi, na kilichokuleta. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, basi sema tu kilicho karibu: "Naamka saa tisa silali tena," au "Nawafokea watoto bila sababu." Kutokea hapo atakuongoza. Atauliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, pombe, presha na sukari, dawa unazotumia, na kama kwenu kuna aliyewahi kusumbuliwa hivyo. Kuhusu kujidhuru kila mtu anaulizwa, usidhani amekuona vibaya.

Huenda ukasomewa karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: umekosa raha mara ngapi, umejiona hufai mara ngapi. Majibu yake ni namba, kuanzia 0 hadi 3. Watu hujibu kwa kupunguza ili wasionekane dhaifu. Usipunguze, mama. Namba hizo zitarudiwa baadaye, na ndizo zitakazoonyesha kama unapata nafuu.

Mazungumzo huchukua dakika 45 hadi saa moja, ingawa kliniki ikijaa yanaweza kuwa mafupi. Hudaiwi historia yako yote siku hiyo. Likija swali zito, sema, "Hilo bado sijawa tayari." Mwenye kujua kazi yake ataliacha. Na kama unaogopa kusahau, andika mambo matatu nyuma ya daftari lako la madeni, uende nalo. Nimewaona wateja wakisoma kutoka kwenye daftari kama hilo huku mkono unatetemeka, na mazungumzo yakaenda vizuri sana.

Jambo moja zaidi: ukitegemea akwambie uachane na mzee au uvumilie, hatakwambia. Uamuzi unabaki kwako.

Mimi ni bodaboda, Majengo. Nilienda mara moja, nikalia, nikatoka nimechoka kuliko nilivyoingia. Deni la pikipiki ya mkataba lipo palepale. Kuongea kutanisaidia nini?

Kaka, kuongea hakulipi deni, na mtu asikudanganye. Uchovu ule ni wa kawaida, maana jambo ulilolibeba kimya kwa muda mrefu linaumiza linapotajwa. Siku kama hiyo usirudi barabarani mara moja, tafuta kivuli kwanza na maji ya kunywa.

Ila ninachokuomba ni hiki: rudi, na umwambie mshauri hayohayo uliyoniandikia. "Nilitoka nimechoka, na sioni faida." Wengi mnayameza na kupotea, naye anabaki akidhani mmepona. Akiyasikia anaweza kubadilisha namna ya kufanya kazi. Ipo njia ambayo mnaorodhesha matatizo yote, mnachagua moja, mnatafuta hatua ndogo inayowezekana wiki hii, kisha unarudi kusema imekwendaje. Kwako inaweza kuwa kumfuata mwenye pikipiki kuomba hesabu ipangwe upya, na kuyafanyia mazoezi maneno utakayomwambia. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani njia hiyo, wakiketi na watu kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba baada ya miezi sita, waliopitia kwenye mabenchi hayo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Umaskini wa Harare haukuwa umeondoka.

Jipe mara tatu au nne. Ila akikugombeza, akikuhubiria, akikutongoza, au ukisikia maneno yako yamefika kijiweni, usirudi kwake. Tafuta mwingine.

Mume wangu anataka nimsimulie kila ninachoongea na mshauri. Anasema nisipomwambia atamfuata mwenyewe. Atamwambia?

Hapana, dada. Mshauri hatakiwi hata kuthibitisha kwamba wewe ni mteja wake. Usiri unavunjwa kwa mambo machache: maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mahakama ikiamuru, au mtoto akiwa anaumizwa. Kwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na namba ya simu 116 ipo kwa ajili hiyo. Mambo haya utaelezwa mapema, usipoelezwa, uliza.

Mume akiwa na shauku tu, mnaweza kumwalika siku moja, ukipenda wewe. Akiwa anatumia vitisho, hilo lenyewe lipeleke kwa mshauri. Akikupiga, lipo pia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Mama yangu yupo Bahi, Kiswahili anasikia kidogo. Tangu baba afariki haongei, na chakula anagusa tu. Niende naye nimtafsirie?

Pole kwa msiba. Nenda naye, mshike mkono, eleza tarehe na dawa. Lakini usiwe mkalimani wa kila kitu. Mama hawezi kusema mbele ya mwanawe kwamba anatamani kumfuata mzee, wala kwamba mashemeji wanamsumbua juu ya shamba, wala kwamba wewe mwenyewe umemuudhi. Atasema "niko salama," nawe utatafsiri hivyohivyo.

Mkifika dirishani uliza: kuna mhudumu anayeongea Kigogo? Nilishuhudia bibi mmoja aliyekaa kliniki amejifunika mdomo kwa kanga, hajibu neno. Muuguzi akainama akamsalimia kwa Kigogo: "Mbukwa." Kanga ikashuka, bibi akaitikia, na wakaingia ndani wawili. Mwanawe alibaki kwenye benchi, na hapo ndipo alipopaswa kuwa.

Kwa kuwa hali chakula vizuri, apimwe na mwili pia. Mzee anaweza kunyamaza kwa majonzi na papo hapo akawa amepungukiwa damu au maji.

Nikisali na bado nikaenda kwa mshauri, ni kukosa imani?

Sioni hivyo. Ukivunjika mguu unasali na unafungwa plasta. Mwambie mshauri kwamba sala ni muhimu kwako, naye ataiheshimu.

Nitapewa dawa? Nikianza nitaweza kuacha?

Mshauri nasaha haandiki dawa. Akiona zinahitajika atakupeleka kwa daktari. Dawa za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, huchukua wiki 2 hadi 4 kabla hujahisi tofauti, na wengi huziacha katikati ya kipindi hicho. Hazileti uraibu kama zile za usingizi aina ya diazepamu, ambazo watu hujinunulia dukani na kuzoea. Hata hivyo usizikatishe ghafla. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo.

Natoka Kibaigwa. Nauli ya kuja mjini kila wiki sina.

Anza na kituo cha afya hapo ulipo au hospitali ya wilaya Kongwa. Uliza kama kuna muuguzi au daktari aliyesomea afya ya akili, na umuulize afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa gharama. Ukipewa rufaa ya kuja Dodoma, sema mapema kuhusu nauli: miadi inaweza kupangwa kwa kupishana muda mrefu, na mengine yakafanyika kwa simu. Kabla hujapanda gari la kurudi, chukua namba ya kliniki na uulize mtaalamu yupo siku zipi, maana kuna hospitali ambako kliniki hiyo haifanyiki kila siku.