Kukoza herufi si kuweka kichwa cha habari

Ndugu zangu mnaochapa kazi za watu hapa Ngamiani na kwingineko Tanga, nina ombi. Mimi sioni. Kompyuta naitumia kwa NVDA, programu inayonisomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ni ya bure, na aliyeanza kuiandika mwaka 2006, Michael Curran wa Australia, naye haoni.

Sasa chukua katiba ya kikundi cha kuweka na kukopa. Nataka kifungu cha riba. Wewe unapitisha jicho tu, umeshakiona. Mimi, kama mchapaji alikoza herufi (bold), akazikuza na kuziweka katikati, nashuka na mishale mstari kwa mstari kuanzia jina la kikundi, kwa sababu kwa programu hiyo bado ni aya kama aya nyingine. Unene wa herufi ni mapambo ya macho.

Dawa yake ni nyepesi. Kwenye Word, weka kasa (kile kistari kinachopepesa) kwenye mstari wa kichwa, kisha bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja. Kichwa kidogo chini yake, 2. Kwenye LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, ni Ctrl na 1. Word itakuletea rangi ya buluu. Usiichukie, badilisha mtindo wenyewe mara moja uwe mweusi na vichwa vyote vitafuata. Tena hata orodha ya yaliyomo Word itakutengenezea ukiiagiza, hutaandika namba za kurasa kwa mkono. Baada ya hapo mimi nabonyeza Insert na Space, kisha Insert na F7, vichwa vyote vinajipanga, nachagua riba, basi. Au baada ya Insert na Space, H inanirusha kutoka kichwa hadi kichwa. (Wenzangu wasioona, hili wengi hatukufundishwa, tulionyeshwa mishale tukaachwa hapo.)

La pili ni lugha, na hili linanikera kuliko yote. Faili ni la Kiswahili kitupu, lakini Word imeliandikisha kuwa la Kiingereza. NVDA inaitii alama hiyo na kuanza kutamka “marejesho ya mkopo” kama mtalii aliyeshuka jana, ilhali sauti ya Kiswahili imo humo humo, kwenye eSpeak, kisoma-sauti kinachokuja na NVDA. Mchapaji, chagua maandishi yote, nenda Review, kisha Language, uweke Kiswahili. Asiyeona naye asisubiri hisani: Insert, Ctrl na V hufungua mipangilio ya sauti, achague sauti ya Kiswahili na kuzima ubadilishaji wa lugha wa kujiendesha.

Majedwali yawe majedwali kweli, si nafasi zilizosukumwa kwa Tab, na visanduku msiviunganishe ovyo. Picha iandikiwe maelezo mafupi. Nembo inatosha “nembo ya kikundi”.

Na jamani, hii tabia ya kuprinti, kugonga muhuri, kuskani kisha kunitumia PDF! Hiyo ni picha, haina herufi hata moja. Kwenye Windows 10 na 11, Insert na R hujaribu kuitambua, lakini muhuri ukikaa juu ya tarakimu, hapo ni kubahatisha, na fedha za watu hazibahatishwi. Nitumieni faili la Word lenyewe pamoja na hiyo PDF. Yenye muhuri nitampa mhasibu aiweke kwenye jalada.