Mwezi Uliotoroka Dunia: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Programu za Kuiga Anga

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), hapa Morogoro. Kaka yangu aliniwekea kwenye kompyuta programu inayoiga mwendo wa sayari. Nikiiacha iende polepole, Mwezi unaizunguka Dunia vizuri. Nilipoharakisha muda ili nione miaka mia moja ijayo, njia ya Mwezi ilianza kupanuka, kisha Mwezi ukaondoka moja kwa moja. Je, hayo ndiyo yatakayotokea, au programu ni mbovu?

Marahaba, mwanangu. Mwezi hautatoroka, na programu yako si mbovu. Imetii amri uliyoipa bila wewe kujua kwamba umeitoa.

Programu ya namna hiyo haiijui njia ya Mwezi. Inachojua ni mahali ulipo sasa, kasi yake na kanuni ya uvutano. Kwa hayo matatu hukokotoa mahali Mwezi utakapokuwa baada ya kitambo fulani, ikifika hapo huanza hesabu upya, na huendelea hivyo hivyo. Kitambo hicho huitwa hatua ya muda, na unapoharakisha muda kupita kiasi, mara nyingi unachorefusha ni hatua yenyewe. Mfikirie dereva anayepanda mlima Kitonga akiwa amefumba macho, anayeyafumbua kwa nukta moja kila baada ya mita mia mbili, akauweka sawa usukani na kuyafumba tena. Akiyafumbua kila baada ya mita moja, huenda akafika Iringa. Kwa mita mia mbili, kona ya kwanza tu itamtoa barabarani.

Tupige hesabu pamoja, maana tarakimu zake zinaeleza mambo vizuri kuliko maneno yangu. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, na unakwenda kilomita 1.02 hivi kwa sekunde. Ukiamuru hatua ya siku nzima, yaani sekunde 86,400, programu iliyo sahili itausogeza takribani kilomita 88,000 kwa mstari ulionyooka. Mstari huo unafanya pembe mraba na ule unaouunganisha Mwezi na Dunia, kwa hiyo kanuni ya Pythagoras uliyoifundishwa inatosha kukupa umbali mpya, nao ni kilomita 394,400 hivi. Hatua moja tu, na Mwezi umekwisha kusukumwa nje kilomita 10,000! Hatua ya pili inaanzia kwenye kosa hilo na kuliongeza.

Sasa linganisha na hali halisi. Ni kweli kwamba Mwezi unajitenga na Dunia, lakini kwa sentimita 3.8 kwa mwaka. Tunalijua hilo kwa kupima muda ambao miale ya leza hutumia kwenda na kurudi, ikiakisiwa na vioo vilivyowekwa Mwezini, vya kwanza vikiwa vile vilivyoachwa na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969. Chanzo chake ni kujaa na kupwa kwa maji: Dunia hujizungusha upesi kuliko Mwezi unavyoizunguka, hivyo uvimbe wa bahari hutangulia mbele kidogo na kuuvuta Mwezi uongeze mwendo. Programu inayoichukulia Dunia kuwa nukta moja isiyo na bahari haiwezi kukuonyesha jambo hilo hata ukiiendesha miaka elfu.

Nakuomba ufanye majaribio mawili. La kwanza, rudia kazi ile ile kwa nusu ya hatua, kisha kwa robo yake. Jibu likibadilika kila mara, ujue unayemsikia ni mkokotoaji, si maumbile. Likitulia, hapo unaweza kuanza kuliamini. La pili, tengeneza hesabu hiyo mwenyewe katika jedwali la kompyuta, ukiweka safu za mahali, kasi na mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, kwa hatua ya siku moja. Mara ya kwanza sogeza Mwezi kwa kasi ya zamani, kisha ndipo ubadilishe kasi. Utauona ukienda nje kwa kujizungusha kama gamba la konokono. Mara ya pili geuza mpangilio: badilisha kasi kwanza, halafu usogeze Mwezi kwa kasi hiyo mpya. Kwa kubadilishana nafasi kwa mistari miwili tu, Mwezi utabaki nyumbani, ingawa mduara wake utapinda kidogo. Nilipoliona jambo hili kwa mara ya kwanza sikulala mapema usiku huo, na hadi leo sijaona mlango mzuri kuliko huu wa kumwingiza kijana katika fizikia ya kukokotoa.

Ndugu Mhariri, ninasimamia klabu ya sayansi katika shule ya upili jijini Nairobi. Hatuna pesa za leseni, na intaneti yetu ni ya kubahatisha. Tuanze na programu gani, na tutajuaje kwamba inasema kweli?

Mwalimu mwenzangu, anzeni na Stellarium. Ni ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti ili iwaonyeshe anga la mahali popote kwa tarehe yoyote. Mkitaka kuiacha Dunia na kwenda kuitazama Zohali kwa karibu, ongezeni Celestia, ambayo nayo ni ya bure. Fahamuni tu kwamba hizi mbili huzipanga sayari kwa kufuata hesabu za mienendo yao zilizokwisha kuandaliwa. Ni hodari kwa swali la "nini kiko wapi, lini", lakini msiziulize "ingekuwaje kama".

Kuhusu ukweli wake, ipeni mtihani ambao majibu yake mnaweza kuyaona kwa macho. Wekeni mahali pawe Nairobi, mtafute siku ambayo Jua la mchana linasimama utosini. Mtaletewa tarehe zilizo karibu na 17 Machi na 26 Septemba. Siku hiyo simikeni fimbo uwanjani, mkiinyoosha kwa timazi, na mtazame kivuli kikijikusanya hadi kwenye shina. Mwezi Machi kitafika hapo karibu saa sita na dakika 40, na Septemba karibu saa sita na dakika 24. Kwa nini isiwe saa sita kamili, na kwa nini miezi hiyo miwili itofautiane? Waachieni wanafunzi walitafute jibu ndani ya programu hiyo hiyo. Kwa mtihani wa pili, rudini kwenye asubuhi ya tarehe 1 Septemba 2016, mahali pawe Rujewa, mkoani Mbeya, mlisogeze Jua taratibu kuelekea adhuhuri. Pete ya kupatwa kwa Jua iliyoshuhudiwa na umati uliokusanyika pale inapaswa kuonekana.

Bwana Mhariri, salaam kutoka Mombasa. Katika programu ya uvutano nililifuta Jua, na Dunia ikaondoka papo hapo kwa mstari ulionyooka. Lakini nimesoma kwamba hakuna kitu kinachoishinda kasi ya mwanga, na mwanga wa Jua hutufikia baada ya dakika 8 na sekunde 19. Nani mkweli?

Ulichosoma ndicho kweli. Programu nyingi za aina hiyo hutumia kanuni ya Newton ya mwaka 1687, na ndani ya kanuni hiyo hakuna mahali palipoandikwa muda: ukiutoa mzigo upande mmoja, upande wa pili unahisi saa ile ile. Einstein, mwaka 1915, alitupa nadharia ambayo ndani yake badiliko la uvutano husafiri kwa kasi ya mwanga. Uthibitisho ulio wazi kabisa ulipatikana tarehe 17 Agosti 2017, pale mitambo ya LIGO ya Marekani na Virgo ya Italia ilipodaka mawimbi ya uvutano ya nyota mbili za nutroni zilizogongana. Sekunde 1.7 tu baadaye, setilaiti ya Fermi ikanasa miale ya gama ya tukio hilo hilo, baada ya vyote viwili kusafiri miaka ya nuru milioni 130 hivi.

Je, kosa la programu yako ni kubwa kiasi gani? Katika zile dakika 8 na sekunde 19 Dunia husafiri karibu kilomita 14,900, zaidi kidogo ya kipenyo chake. Katika muda huo huo, mvuto wa Jua huipindisha kutoka kwenye mstari ulionyooka kwa takribani mita 740. Hivyo basi, tofauti kati ya Dunia ya kwenye kioo na Dunia ya kweli, wakati habari ya kutoweka kwa Jua ingekuwa inatufikia, ni pungufu ya kilomita moja. Kwenye picha inayoonyesha njia nzima ya Dunia usingeiona hata kwa miwani. Waandishi wa programu waliliacha jambo hili wakijua, na kwa kazi ya kawaida nadhani walifanya vyema.

Hata hivyo, swali lenyewe lina ugumu wa ndani zaidi. Nadharia ya Einstein hairuhusu tungamo, yaani kiasi cha maada, litoweke bila kwenda popote, kwa hiyo hata programu iliyo kamili isingekuwa na jibu la swali hilo kama lilivyo. Ukitaka swali linaloruhusiwa, badilisha Jua kwa shimo jeusi lenye tungamo lile lile, ambalo nusu kipenyo chake kingekuwa kilomita 3 hivi. Kabla ya kubofya kitufe, andika kwenye karatasi unachotarajia. Wengi huandika kwamba Dunia itafyonzwa. Kisha tazama: itaendelea na njia yake ile ile, gizani na kwenye baridi, kwa sababu uvutano hauulizi ukubwa wa kitu, unauliza tungamo na umbali.

Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Pangani. Mjukuu wangu ameniwekea Stellarium kwenye simu. Wazee wetu walisema kuhusu Kilimia, kile kishada cha nyota, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Je, programu hii inaweza kuupima usemi huo? Na wazee wa miaka elfu moja iliyopita walikiona Kilimia kikizama siku zile zile?

Shikamoo mzee wangu. Kati ya barua zote za safari hii, yako ndiyo iliyonifurahisha zaidi.

Weka mahali pawe Pangani na saa iwe saa moja jioni, tarehe ya mwanzo wa Aprili. Utakiona Kilimia upande wa magharibi, kikielekea kaskazini kidogo. Ongeza siku moja moja bila kuigusa saa. Kila jioni kitakuwa kimeshuka zaidi, kwa kuwa kila nyota huzama dakika 4 hivi mapema kuliko jana yake, na siku za mwanzo za Mei kitamezwa na wekundu wa machweo. Karibu na tarehe 20 Mei Jua hukipita kwa jirani. Badili sasa saa iwe ya alfajiri, na katikati ya Juni kitazuka mashariki. Kwa hiyo, katika mwaka wa kawaida wa pwani yetu, Kilimia huzama masika ingali ikinyesha na huzuka kipupwe kimeingia. Nusu ya pili ya usemi inasimama.

Nusu ya kwanza, ile ya mwaka ambao masika yamekatika mapema, programu haiwezi kuipima, kwa sababu inaijua mbingu wala haiyajui mawingu. Hapo panahitajika kumbukumbu za mvua za miaka mingi, na kama unalo daftari la shamba lenye tarehe za kupanda, mzee wangu, usilitupe.

Swali lako la pili lina jibu kamili. Mhimili wa Dunia huyumba kama pia inayochezwa na watoto, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi, ambayo ni digrii moja kwa kila miaka 72. Kwa miaka elfu moja ni karibu digrii 14, na kwa majira ni siku 14 hivi. Wazee wale walikipoteza Kilimia wiki mbili mapema kuliko wewe. Lakini ukienda mwaka 1000 katika Stellarium utaona pengo la kama siku 20, na hapo ndipo wengi hukosea: tarehe zote za kabla ya 15 Oktoba 1582 zimeandikwa humo kwa kalenda ya Julian, ambayo mwaka huo ilikuwa nyuma ya kalenda yetu kwa takribani siku 6. Ziongeze siku hizo, na hesabu itatulia.

Juni ikifika, toka nje kabla ya mapambazuko, utazame mashariki kwa kuelekea kaskazini kidogo, kisha utuandikie tarehe utakayokiona kwa mara ya kwanza. Tungependa kuilinganisha na ile ya simu ya mjukuu wako.