Barua kwa mwanangu: mwenye Texas ni nani?

Mwanangu Salim,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo. Baba yako bado amenuna kwa sababu ya pasipoti uliyoirudisha ulipochukua uraia wa Marekani, lakini ile picha ya karatasi ya mfano ya kura uliyotutumia ameikuza kwenye simu, akaisoma mpaka chini, akauliza kama ni orodha ya wagombea au ya waalikwa wa harusi. Nami nimeisoma. Nalirudia swali lako ili tusipotezane: ulidhani unakwenda kumchagua gavana, ukakuta unaulizwa hadi kamishna wa ardhi, kamishna wa kilimo na majaji wengi usiomjua hata mmoja. Halafu jambo likiharibika, watu wote wanamtaja gavana peke yake. Basi mwenye jimbo ni nani?

Waliotunga katiba yenu ya Texas walikusudia asiwepo. Katiba hiyo wananchi waliipigia kura Februari 1876, na waliyeiandika wakimfikiria ni gavana mmoja aliyekuwa ametoka madarakani miaka miwili nyuma, Edmund J. Davis. Karibu kila kifungu kinachohusu serikali kiliwekwa ili asipatikane Davis mwingine. Kwa hiyo ukiishangaa karatasi yako, unashangaa hasira ya watu waliokwisha kufa zamani sana.

Kumwelewa Davis lazima turudi nyuma kidogo, na hapo uwe macho, maana historia ya Texas wanayosimuliwa watalii pale San Antonio huanzia Alamo ikaishia San Jacinto. Texas ilikuwa sehemu ya Mexico, na walowezi wake walipopigania kujitenga, ni kweli ngome yao ya Alamo iliangukia mikononi mwa jeshi la Santa Anna, mtawala wa Mexico, tarehe 6 Machi 1836. Ni kweli pia tarehe 21 Aprili Sam Houston, ambaye jiji lako limeitwa kwa jina lake, alilipiga jeshi hilo pale San Jacinto, na kesho yake Santa Anna mwenyewe akakamatwa. Linalosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba Mexico ilikuwa imepiga marufuku utumwa mwaka 1829, chini ya Rais Vicente Guerrero, mtu mwenye damu ya Kiafrika. Walowezi waliotoka Marekani kuja kulima pamba walikuja na watumwa wao na hawakuwa tayari kuwaachia. Walikuwa na malalamiko mengine dhidi ya serikali ya Mexico, sikatai. Lakini isome katiba ya Jamhuri ya Texas ya 1836: Bunge lao lilikatazwa kuwaachia huru watumwa, na mtu mweusi aliye huru hakuruhusiwa kuishi nchini bila idhini ya Bunge hilo. Mwisho wa 1845 jamhuri hiyo ikajiunga na Marekani. Sensa ya 1860 ilipofanyika, watumwa walikuwa zaidi ya 182,000 kati ya watu kama 604,000.

Sam Houston mwenyewe alikuwa na watumwa. Hata hivyo mwaka 1861, akiwa gavana, alikataa kula kiapo cha utii kwa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, wakamwondoa kitini. Ni mtu ninayeshindwa kuamua nimweke wapi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaenda, vikaisha, na tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger akatangaza Galveston kwamba watumwa wote ni huru. Sikukuu mnayopumzika kila Juni ndiyo hiyo. Texas iliifanya ya jimbo tangu 1980, serikali kuu ikaifuata 2021.

Sasa Davis. Alikuwa jaji huko Texas kabla ya vita, na vita vilipoanza akapigana upande wa Muungano, yaani majimbo ya Kaskazini, dhidi ya jimbo lake mwenyewe. Mpaka hapo umeshaona kwa nini majirani hawakumpenda. Akawa gavana Januari 1870 kwa tiketi ya Republican, chama cha Lincoln, kilichokuwa wakati huo ndicho chama cha watu weusi wa Texas. Katiba ya 1869 ilimpa muhula wa miaka minne na uwezo wa kuteua majaji, na Bunge likamwongezea polisi wa jimbo waliokuwa chini yake. Katika polisi hao walikuwemo watu weusi, wenye sare na bunduki, wakiwakamata wazungu. Zikaanzishwa shule za umma zinazosimamiwa kutoka makao makuu, za watoto weusi pia, na kodi ikapanda ili zilipiwe. Ndani ya Seneti walikaa George T. Ruby wa Galveston na Matthew Gaines, ambaye alizaliwa mtumwa.

Utamkuta mtu atakayekuambia Davis alikuwa dikteta, na mwingine atakayekuambia alikuwa mtu wa haki aliyesingiziwa. Mimi naona alitumia mkono mzito: alitangaza utawala wa kijeshi katika kaunti kadhaa, na nguvu alizojilimbikizia hata mimi zisingenipendeza. Lakini jiulize kama zingechukiwa vile endapo polisi wale wangekuwa wazungu watupu na kodi ile ingejenga shule za wazungu tu.

Mwisho wake ulikuwa kichekesho. Desemba 1873 alishindwa uchaguzi na Richard Coke wa Democratic. Mahakama Kuu ya jimbo ikasema uchaguzi ule ni batili, kwa sababu ya nukta mkato! Katiba ilisema kura zipigwe makao makuu ya kaunti mpaka sheria iseme vingine, ikaweka nukta mkato, kisha ikasema vituo vifunguliwe siku nne. Majaji wakaamua kwamba Bunge liliweza kubadilisha mahali pa kupigia kura lakini si siku nne, kwa kuwa zilikuwa ng'ambo ya ile alama, na uchaguzi ulikuwa umefanyika siku moja. Wafuasi wa Coke hawakujali. Januari 1874 waliingia ghorofa ya juu ya jengo la Bunge wakamwapisha mtu wao, huku Davis na walinzi wake wakiwa ghorofa ya chini. Akamwomba Rais Grant askari, Grant akakataa, naye Davis akaondoka. Mrepublican mwingine kuwa gavana wa Texas alikuja kupatikana mwaka 1979, Bill Clements.

Wajumbe 90 waliokutana mwaka 1875 kuandika katiba mpya, karibu nusu yao wakiwa wanachama wa chama cha wakulima kilichoitwa Grange, walikuwa wabahili na wenye kinyongo. Hawakutaka hata kumlipa karani wa kunukuu mijadala yao. Muhula wa gavana wakaukata ukawa miaka miwili (umerudi kuwa minne miaka ya 1970), na mshahara wake wakaupunguza. Kisha wakaigawanya serikali yake vipande vipande, na kila kipande wakakipa mlango wake kwa mpiga kura. Ndiyo maana unamchagua mwanasheria mkuu wa jimbo, mhasibu mkuu anayekusanya kodi, na kamishna wa ardhi. Kamishna wa kilimo aliongezwa baadaye kwa mtindo uleule. Hakuna hata mmoja wao ambaye gavana anaweza kumfukuza. Sisi tuliozoea kusikia saa mbili usiku kwamba mkuu wa mkoa fulani uteuzi wake umetenguliwa, jambo hilo linatupa taabu kuliamini.

Kwenye karatasi hiyo usipite bila kusoma Tume ya Reli. Iliundwa mwaka 1891 kuyadhibiti makampuni ya reli, na leo haishughuliki na reli hata kidogo. Inasimamia mafuta na gesi, katika jimbo linaloongoza Marekani kwa mafuta. Makamishna wake watatu ni kati ya watu wenye uzito mkubwa wa kiuchumi huko, na wapiga kura wengi hudhani wanachagua mtu wa treni. Kama una muda wa kuwachunguza wagombea wa nafasi moja tu, chunguza hao.

Majaji nao ni hadithi ileile. Davis aliwateua, waliomfuata wakasema basi wachaguliwe. Wanagombea kwa vyama, kuanzia mahakama ndogo hadi zile mbili za juu kabisa, maana Texas inayo Mahakama Kuu ya kesi za madai na nyingine ya rufaa za jinai, kila moja ina majaji tisa. Zamani mtu aliweza kuweka alama moja tu ya chama akamaliza karatasi nzima. Utaratibu huo uliondolewa kuanzia uchaguzi wa 2020, ndiyo maana wewe unatakiwa kupita jina kwa jina. Kaunti yako ya Harris ina watu zaidi ya milioni 4.7, kwa hiyo mahakama ni nyingi na majina ni mengi. Usidhani ni kazi bure: mwaka 2018 wanawake weusi 17 walishinda viti vya ujaji hapo Harris. Na yule anayeitwa jaji wa kaunti usimchanganye na hao. Yeye kimsingi ndiye mkuu wa kaunti, anaongoza kikao cha makamishna, bajeti na maafa, na si lazima awe amesoma sheria.

Bunge ndilo walilibana zaidi. Lina maseneta 31 na wawakilishi 150, linakutana siku 140 kila baada ya miaka miwili, na mbunge analipwa dola 600 kwa mwezi, achilia mbali posho ya vikao. Wana utani wao wenyewe huko kwamba ingefaa zaidi likutane siku 2 kila baada ya miaka 140. Na kwa kuwa katiba imefungia mambo madogo madogo, kila wanapotaka kusogeza kitu inabidi wairekebishe kwa kura ya wananchi. Imesharekebishwa zaidi ya mara 500. Hayo ndiyo maswali ya ndiyo na hapana utakayoyakuta miaka mingine. Mwaka 1974 walikaa kuandika mpya, wakashindwa kwa kura tatu.

Sasa nusu ya pili ya swali lako: kama gavana walimkata mbawa, mbona bado anaruka? Katiba ilimwachia mambo machache, nayo yamekua. Bunge likishatawanyika, ni yeye peke yake anayeweza kuliita tena, na ndiye anayetaja la kuzungumzwa. Miswada mingi humfikia siku za mwisho, anaipiga kura ya turufu wabunge wakiwa wamekwenda makwao. Mara ya mwisho Bunge kuibatilisha turufu yake ilikuwa 1979. Tena anateua wajumbe wa bodi na tume nyingi ambazo waandishi wa 1876 hawakuziota, kwa mihula ya miaka sita inayopishana. Gavana wa miaka miwili angewagusa wachache. Rick Perry alikaa miaka 14, kuanzia mwisho wa 2000, na Greg Abbott yupo tangu 2015, na hakuna ukomo wa mihula. Ukikaa hivyo, unamaliza kuzijaza bodi zote watu wako. Februari 2021, baridi ilipokata umeme na watu 246 wakafa kwa hesabu ya idara ya afya ya jimbo, makamishna watatu waliokuwa wakisimamia huduma ya umeme wote walikuwa wateule wa Abbott. Kwa hiyo waliomtaja gavana hawakukosea, ingawa naibu gavana, anayechaguliwa peke yake na kuiongoza Seneti, huponea kila mara kwa sababu watu hawajui kazi yake.

Kuna jambo moja ambalo karatasi haitakuonyesha. Hao waliotaka kila cheo kipigiwe kura hawakutaka kila mtu apige. Mwaka 1902 ikaja kodi ya kupiga kura. Kisha chama cha Democratic, kilichokuwa kikishinda kila kitu, kikafanya kura zake za mchujo kuwa za wazungu tu, na mshindi wa mchujo ndiye aliyekuwa mshindi. Daktari wa meno mweusi wa hapo hapo Houston, Lonnie Smith, akaenda mahakamani, na mwaka 1944 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki. Wakili wake alikuwa Thurgood Marshall, huyuhuyu ambaye mwaka 1960 alikwenda London kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, akawaandalia rasimu ya haki za raia. Mwaka 1966 ndipo Barbara Jordan wa Houston alipochaguliwa kuingia Seneti ya Texas, mtu mweusi wa kwanza humo tangu karne ya kumi na tisa.

Sasa ya vitendo. Uandikishaji unafungwa siku 30 kabla, usingoje. Simu hutaruhusiwa kuitumia kituoni, lakini karatasi uliyoandika mwenyewe unaweza kuingia nayo, kwa hiyo kaa na mkeo jioni moja mwandike majina, na mwanzie majaji wakati bado mna nguvu, gavana mmalizie. Nenda siku za kura za mapema, foleni ni fupi zaidi. Baba yako anauliza jibu la Tume ya Reli utampa lini, maana ameanza kuwasoma wagombea mwenyewe na ana maoni.

Mama yako